Corolla 110 inayokula oili: 20W-50, 5W-30 au namba 40?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Marehemu baba aliniachia Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, imetembea kilomita 243,000. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kidogo, halafu unakata. Kila nikitembea kama kilomita 1,500, stiki inaonyesha nusu lita imepungua. Fundi wa kwanza ameniambia niweke 20W-50 kwa sababu injini imezeeka. Wa pili amesema niweke 5W-30 sintetiki kwa kuwa ndiyo Toyota wanayotaka. Dukani nikaambiwa namba 40 inatosha, nisipoteze hela. Shuleni ni kilomita nne tu kutoka nyumbani, ila likizo huwa napanda Iringa kumwona mama. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Gari alilokuachia ni zuri. Injini ya 5A-FE ikitunzwa huvuka hizo kilomita zako bila kufunguliwa, na hata hiyo yako, kwa dalili ulizoziandika, bado haijafika mahali pa kuisemea vibaya.

Nianze na jibu lenyewe ili usisubiri. Weka 10W-40, nusu sintetiki, yenye daraja la API (taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya ubora wa oili) la SL au lolote lililokuja baada ya hapo, kama SM, SN au SP. Sampu ya injini hiyo, yaani karai la oili lililo chini yake, inachukua takribani lita tatu pamoja na filta. Badilisha kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, kitakachotangulia. Namba 40 ya dukani iache kabisa. Kati ya mafundi wako wawili hakuna aliyekudanganya, ila kila mmoja amejibu swali la gari jingine.

Sasa turudi kwenye ile nusu lita uliyoitaja kwa kupita tu, maana hiyo ndiyo imenifanya nikuandikie kwa urefu. Fanya hesabu. Nusu lita kila kilomita 1,500 maana yake ukifika kilomita 5,000 umeshapoteza lita moja na zaidi ya nusu, karibu lita 1.7. Injini ilianza na lita tatu. Kama katikati huongezi kitu, siku unapeleka gari kumwaga oili kuna lita moja na kidogo tu chini. Na kama siku hiyo ndiyo unapanda mlima wa Kitonga kwenda Iringa, nyuma ya malori, gia ya pili, jua la Ruaha Mbuyuni likiwa bado mgongoni, oili hiyo kidogo inazungushwa mara nyingi zaidi, inachemka zaidi, na kwenye kona inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa. Nimefungua injini nyingi za familia ya A, kama hii yako ya 5A, zilizokufa. Zilizouawa na oili ya namba isiyo sahihi naweza kuzihesabu kwa vidole. Zilizouawa na oili kupungua, mwenyewe asijue, sizihesabu tena.

Usitegemee taa nyekundu ya kikopo cha oili pale kwenye dashibodi. Ile taa haipimi wingi wa oili, inapima msukumo wake, na inawaka pale tu msukumo umebaki kidogo sana. Ikiwaka ukiwa barabarani, beringi za krenki huenda zimeshaanza kusagana. Stiki ndiyo rafiki yako. Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na halijawashwa, ivute, ifute kwa kitambaa kisafi, irudishe mpaka mwisho, uivute tena. Oili iwe karibu na alama ya juu. Ikishuka, ongeza robo lita, subiri dakika chache, pima tena. Usipitilize alama ya juu, kwa sababu krenki itaanza kuichapa oili na kuifanya povu, na povu halilainishi kitu. Kwa matumizi yako, ukinunua dumu la lita nne utabaki na lita moja ya kuongezea. Nunua na chupa ya lita moja pembeni, ndipo utafika sevisi inayofuata bila kuishiwa.

Hizo namba sasa. Watu wengi hudhani namba kubwa ni oili kali na namba ndogo ni oili dhaifu. Siyo hivyo. Namba iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi. W yenyewe ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba ya mwisho inaeleza uzito wa oili ikishapata moto, inapimwa kwenye nyuzi 100. Kwa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya 30 ikiwa na moto huo inakuwa kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Ukiziangalia hizo namba vizuri utaona kwamba 30 iliyo nzito na 40 iliyo nyepesi zinakaribiana mno. Ugomvi wa mafundi kuhusu 30 na 40 mara nyingi ni mkubwa kuliko tofauti yenyewe. Kuruka kutoka 30 mpaka 50, hapo ndipo kuna safari.

Upande wa baridi, oili ya 20W hupimwa kama injini inaweza kuzungushwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Baridi hiyo Morogoro haipo, wala Iringa ya mwezi wa saba haifiki huko. Kwa hiyo gari lako litawaka na oili yoyote kati ya hizo. Bado kuna tofauti, na iko kwenye sekunde chache baada ya kuwasha. Fikiria uji wa ulezi uliolala na chai: vyote vinamiminika, lakini kimoja kinachelewa kufika mdomoni. Oili ya 20W-50 iliyolala usiku kucha nyumbani kwa mama inachelewa kupanda juu kwenye kemu, ile shafti inayofungua valvu, na hapo ndipo chuma hukutana na chuma. 10W-40 inawahi.

Yule fundi wa 5W-30 huenda alisoma kile kitabu cha Kijapani ambacho mara nyingi hubaki kwenye dashibodi ya magari haya. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya mtu wa Japani, ambako Sapporo theluji inalala miezi kadhaa, na kwa injini mpya. Injini yako ikiwa nzima, 5W-30 au 10W-30 haitaiua hata kidogo. Ila inakula oili, na nyepesi italiwa haraka zaidi. Tena ikiwa sintetiki kamili unachoma hela kwenye ekzosi. Usiamini lakini yale maneno kwamba sintetiki hutoboa injini za zamani. Haitoboi. Inachofanya ni kusafisha uchafu mgumu uliokuwa umeziba mahali ambapo sili ilishakufa siku nyingi, kisha uvujaji uliokuwa umejificha unaonekana.

Na yule wa 20W-50? Kuna mahali ana hoja, nitafika hapo. Lakini sababu aliyoitoa, kwamba gari limezeeka, haitoshi. Hatuwekei injini oili kwa kuangalia mwaka iliyotengenezwa. Tunaangalia nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma, msukumo wa oili ikiwa na moto, na mahali oili inakopotelea. Injini ya kilomita 243,000 iliyomwagwa oili kwa wakati inaweza kuwa na beringi nzuri kuliko ya 120,000 iliyotelekezwa.

Nikueleze kilichonitokea. Niliwahi kuletewa Carina iliyonunuliwa wiki mbili kabla. Mwenye gari alikuwa na furaha, injini kimya kabisa. Tukamwaga oili, nikaona inatoka polepole kama asali, nyeusi, nzito, na nikanyamaza. Hapo ndipo nilikosea, nilipaswa kumwambia palepale. Tukaweka 10W-30 kama kitabu kinavyosema. Alipowasha, kukawa kimya sekunde mbili, tatu, halafu chini kukaanza kugonga: ko, ko, ko. Beringi za konrodi zilikuwa zimeshakwisha. Aliyemuuzia alikuwa amejaza oili nzito pamoja na chupa za dawa ya kuongeza uzito ili mlio usisikike. Yule bwana alisimama gerejini akiniangalia mimi kana kwamba ndiye niliyemuulia gari, na sikuwa na cha kumwonyesha isipokuwa lile beseni la oili nyeusi. Tangu siku hiyo, gari geni likiingia kwangu napima msukumo kabla ya kugusa nati ya kumwagia oili. Oili nzito huficha ugonjwa. Mgonjwa anaendelea kuumwa chini kwa chini.

Kwa hiyo kabla hujaamua chochote cha kudumu, tafuta oili inakokwenda. Dalili yako ya moshi wa asubuhi unaotoka kidogo na kukata, kwa uzoefu wangu, inaelekeza kwenye sili za valvu. Ni vipira vidogo vinavyokaa juu ya kila valvu, na 5A ina valvu kumi na sita. Vikikauka kwa miaka na joto vinakuwa vigumu kama plastiki. Gari likilala, oili inadondoka tone kwa tone kupitia shina la valvu mpaka kwenye silinda. Ukiwasha, inaungua, bluu inatoka, kisha basi. Kuna kipimo cha bure unachoweza kufanya mwenyewe unaporudi kutoka Iringa. Mkishuka Kitonga, ukiwa umeondoa mguu kwenye mafuta muda mrefu na gari linajizuia kwa gia, mwambie aliyekaa nyuma aangalie dirishani pale chini unapokanyaga mafuta tena. Likitoa wingu la bluu muda huo, ni sili za valvu au njia za valvu, kwa sababu mguu ukiwa juu injini inavuta kwa nguvu na kuinyonya oili kutoka juu. Likitoa moshi wakati wa kupanda, injini ikiwa imebeba mzigo, basi shaka inahamia kwenye ringi za pistoni.

Kabla ya hapo angalia kitu kimoja cha bei rahisi ambacho mafundi wengi hukiruka: kile kivalvu cha kupumulia injini, PCV, kilichochomekwa kwenye kava la valvu na kuunganishwa na bomba la mpira. Kichomoe, kitikise karibu na sikio. Kikicheza ndani na kutoa mlio wa kutikisika, kiko hai. Kikiwa kimya, kimeganda kwa uchafu. Injini haipumui vizuri na oili inasukumwa nje kupitia kila sili iliyo dhaifu. Nimeshaona gari lililokuwa limeshapangiwa kufunguliwa injini likapona kwa kubadilishiwa kidude hicho tu.

Kisha lala chini uangalie uvujaji. Kwenye injini za A, oili hupenda kutokea kwenye gaskiti ya kava la valvu, kwenye oringi ya distributa, na kwenye sili ya mbele ya krenki. Hiyo ya mbele usiicheleweshe. Injini hii inatumia mkanda wa taiming, si cheni, na oili ikilowesha mkanda inaulainisha mpaka unaruka meno au unakatika. Bahati yako ni kwamba kwenye 5A-FE mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, lakini gari litakuachia njiani.

Baada ya hayo, omba upimiwe kompresheni. Hili si jambo la gharama, ni kutoa plagi nne na kufunga geji. Injini nzima ya aina hii husoma karibu psi 190 kila silinda. Ikishuka chini ya 142 imechoka, na silinda moja isipishane na nyenzake zaidi ya psi 14. Kama kuna silinda iliyo chini, fundi aweke kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi na kupima upya. Namba ikipanda sana, ringi ndizo zinavujisha; isipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Na kama gereji ina geji ya msukumo wa oili, gari likiwa limepata moto vizuri inatakiwa kusoma angalau kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba likiwa sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na kati ya kilo 2.5 na 5 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika.

Hapo sasa ndipo hoja ya fundi wa 20W-50 inapoingia. Ikionekana msukumo uko chini injini ikiwa na moto, au ringi zimechoka na kwa sasa huna fedha ya kufungua injini, basi panda kwenda 15W-40, na ikibidi 20W-50, ukijua kwamba unajinunulia muda tu wakati unaweka akiba. Kwenye injini hii inavumilika, kwa sababu 5A-FE haina VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) wala vitu vidogo vidogo vinavyoendeshwa kwa oili. Usimwambie hivyo jirani yako mwenye IST au Vitz yenye injini ya NZ. Ile ina VVT-i, oili inapita kwenye vitundu vyembamba na chujio dogo kama kucha, na 20W-50 itamletea usumbufu ambao wewe huwezi kuupata.

Namba 40 nimeikataa kwa sababu mbili. Kwanza ni oili ya namba moja tu, haina W, hivyo asubuhi ni nzito kuliko inavyohitajika. Pili, na hii ndiyo kubwa, nyingi zinazouzwa kwa bei hiyo zimeandikwa madaraja ya zamani kama SC, SD au SF. API ilishayafuta yote mpaka SH. Geuza dumu, tafuta mduara au mstari ulioandikwa API. Herufi S ni ya injini za petroli, na kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo oili ilivyo mpya na safi zaidi. SL ilikuja mwaka 2001, SN mwaka 2010, SP mwaka 2020, na mpya inafaa kwa injini ya zamani. Ukikuta dumu la 15W-40 limeandikwa CI-4/SL, hiyo inafaa dizeli na petroli, haina shida kwako. Likiwa na C peke yake, liache.

Kuhusu oili bandia, hili linaniumiza kwa kweli, kwa sababu anayepigwa ni yule aliyejitahidi kununua kilicho kizuri. Oili chakavu huchujwa, hutiwa rangi, hurudishwa kwenye madumu halisi yaliyookotwa gereji. Nunua kwa wakala au kituo cha mafuta unachokijua, dai risiti, angalia alama ya TBS, na kagua pete ya kifuniko: ikiwa imekatika, au karatasi ya chini ya kifuniko haijaganda sawasawa, rudisha. Ukifungua ikinuka mafuta ya taa, usiitie. Na dumu likiisha, litoboe kwa msumari kabla ya kulitupa, asije mtu akalijaza tena. Ile chakavu usiache imwagwe mtaroni, maana mitaro ya Morogoro inaishia mtoni. Iwekwe kwenye dumu na ipelekwe kwa wanaoikusanya.

Mambo mawili ya kumkatalia fundi siku ya sevisi. Akitaka kuosha injini kwa dizeli, sema hapana. Dizeli haitoki yote, inabaki kwenye mifereji na kuipunguza nguvu oili mpya uliyoilipia. Kama gari limekaa na namba 40 miaka mingi, safisha kwa utaratibu: weka hiyo 10W-40 na filta mpya, tembea kilomita 1,500 au 2,000, mwaga, weka tena. Utaiona yenyewe inavyotoka nyeusi, na hiyo nyeusi ndiyo kazi iliyofanyika. La pili, akitaka kutoa themostati ili gari lisichemke, kataa pia, na kama baba alishaitoa, irudishe. Kwa safari zako za kilomita nne, oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli vinavyoingia ndani yake. Bila themostati ndiyo kabisa. Fungua kifuniko cha kujazia oili asubuhi, ukikuta utando wa rangi ya maziwa chini yake, ndiyo huo unyevu. Hii ndiyo sababu nimekuambia miezi sita hata kama hujafikisha 5,000. Wikiendi moja moja lipeleke mpaka Mikese au Mzumbe, litembee nusu saa kwa moto wake.

Ukishapimiwa kompresheni, niandikie zile namba nne kwa mpangilio wa silinda, na uniambie kama bluu ilionekana mliposhuka Kitonga au mlipopanda. Kama zote ziko juu ya 170, nitakuelekeza jinsi ya kubadilisha sili za valvu bila kushusha kichwa cha injini.